Mwongozo Kamili wa Usaili wa Tamthilia ya Hadithi ya Watoto katika Kikundi cha Maigizo cha Jamii

Vikundi vya maigizo vya jamii, yaani vile vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea ambao mchana wana shughuli zao nyingine, hupenda kuandaa hadithi za watoto zilizodumu kwa vizazi, kwa sababu hadithi hizo huvuta familia nzima ukumbini na hutoa nafasi kwa waigizaji wa kila umri. Kwa sababu hiyo hiyo usaili wake huwa na watu wengi, na wengi wao huja na dhana moja inayowaponza: kwamba hadithi ya watoto ni jambo jepesi, linalohitaji sauti za kuchekesha, macho ya kukodoa na mikono ya kupungapunga. Mtoto aliyeketi safu ya mbele haioni hadithi hiyo kuwa nyepesi. Kwake mchawi ni hatari kwelikweli, kupotea msituni ni kupotea, na ahadi iliyovunjwa ni msiba. Jopo la usaili linamtafuta mwigizaji anayeweza kuichukulia hadithi kwa uzito huo huo, na sehemu kubwa ya ushauri uliomo katika mwongozo huu inatokana na hoja hiyo.

Hatua ya kwanza: soma tangazo ukiwa na kalenda mkononi

Lisome tangazo la usaili neno kwa neno. Tangazo zuri hueleza jina la hadithi na la mwandishi wa mswada, tarehe na saa za usaili, umri unaotakiwa kwa kila uhusika, siku za mazoezi, tarehe za maonyesho, na mambo ambayo kila msailiwa atatakiwa kuyafanya: kuwasilisha kipande alichokikariri, kuimba, kusoma sehemu ya mswada papo hapo, au kushiriki mazoezi ya kundi. Angalia pia kama kila mtu hupangiwa saa yake au usaili ni wa wazi, ambapo watu huitwa kwa kufuata mpangilio wa kuwasili, kwa kuwa usaili wa wazi unaweza kukushikilia kwa nusu siku. Kama kuna ada ya uanachama au mchango wa maleba, ulizia mapema, maana vikundi vingi vya aina hii havilipi waigizaji na baadhi huwaomba wachangie gharama.

Kisha linganisha tarehe zote na ratiba yako. Mazoezi ya tamthilia ya jamii mara nyingi huchukua wiki 6 hadi 10, jioni mbili au tatu kwa wiki, pamoja na siku moja ya mwisho wa wiki. Wiki ya mwisho kabla ya onyesho, ambapo taa, sauti, maleba na mandhari huunganishwa kwa mara ya kwanza, mazoezi huwa karibu kila siku na huendelea hadi usiku. Wiki hiyo haina udhuru. Mwigizaji mwenye kipaji cha wastani anayeweza kuhudhuria mazoezi yote mara nyingi huchaguliwa mbele ya mwenye kipaji kikubwa anayekosa siku moja katika kila tatu, na mimi nauona uamuzi huo kuwa wa haki, kwa sababu tukio la watu kumi na wawili haliwezi kujengwa ikiwa mmoja wao ni pengo kila mara.

Hatua ya pili: ijue hadithi, kisha uutafute mswada

Hadithi ya kale ya watoto ina sura nyingi. Kuna kitabu cha asili, kuna filamu ambazo kila mtu amezitazama, na kuna mswada wa jukwaani ambao kikundi kimeuchagua. Vitu hivi vitatu vinaweza kutofautiana sana. Katika kitabu cha L. Frank Baum kuhusu Mchawi wa Oz, kilichochapishwa mwaka 1900, Dorothy huvaa viatu vya fedha. Ni filamu ya mwaka 1939 iliyovigeuza kuwa vyekundu. Katika Pinocchio ya Carlo Collodi, iliyotoka kama kitabu mwaka 1883, nyenje anayesema hupigwa nyundo na mtoto huyo wa mbao mwanzoni kabisa mwa kisa, ilhali katika filamu ya mwaka 1940 yeye ndiye rafiki na mshauri wa safari nzima. Anayekwenda kwenye usaili akiwa amejiandaa kuiga filamu anaweza kukuta mhusika aliyemtayarisha hayumo, au yumo akiwa na tabia nyingine kabisa.

Kwa hiyo soma kitabu cha asili kama unakipata, kisha uwaulize waandaaji wanatumia mswada wa nani na kama wasailiwa wanaruhusiwa kuusoma. Vikundi vingi hutoa kurasa chache za kusomewa siku ya usaili, na vingine huruhusu mswada mzima usomwe mahali maalumu. Usishangae ukikatazwa kutoa nakala: miswada mingi ya jukwaani, hata ile inayotokana na vitabu ambavyo haki zake zimekwisha muda, ina haki zake yenyewe, na kikundi hulipia kibali cha kuiigiza kwa masharti, mojawapo likiwa kutobadilisha maneno bila ruhusa. Sharti hilo linakuhusu hata wewe, kwa kuwa jopo linatazama kama unasoma maneno yaliyoandikwa au unajitungia yako.

Unapousoma, usitafute tu mahali jina la mhusika wako linapotokea. Tafuta kisa chenyewe kinaendeshwa na nini: nani anataka nini, nani anamzuia, ni wapi mambo yanageuka. Angalia pia kazi ya msimulizi ikiwa yumo, kwa sababu katika hadithi nyingi za watoto msimulizi ndiye anayeshika mkono wa hadhira, na uhusika huo ambao wengi huudharau ni miongoni mwa ile migumu zaidi. Msimulizi hana vita wala machozi ya kujifichia. Ana maneno tu, na watoto mia moja ambao watageuka na kuanza kupiga soga mara atakapoacha kuamini anachokisema.

Hatua ya tatu: jua unachotaka, lakini usijifunge

Ni vizuri kuingia ukiwa na uhusika mmoja au wawili unaoutamani, na ni vizuri kuusema ukiulizwa. Si vizuri kuamini kwamba umri wako, umbo lako au jinsia yako vimekwisha kukuamulia. Igizo la J. M. Barrie kuhusu Peter Pan lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza jijini London tarehe 27 Desemba 1904, Peter, mvulana asiyekua, aliigizwa na mwanamke, Nina Boucicault, na Gerald du Maurier akaigiza wahusika wawili, baba wa watoto na maharamia Hook. Desturi ya mwigizaji mmoja kubeba baba na adui imeendelea kufuatwa na vikundi vingi, na ina maana yake: mtoto anaona mamlaka ileile ikimjia kwa nyuso mbili.

Katika kikundi chenye watu wachache, mtu kuigiza wahusika watatu au wanne ni jambo la kawaida. Hivyo, ukiwa unajiandaa, zoea kubadilika haraka. Chukua wahusika wawili wa hadithi hiyo, mmoja aliye karibu nawe na mmoja aliye mbali, na ujizoeze kupita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine kwa kubadilisha vitu vichache tu: uzito wa mwili unakaa wapi, pumzi ni ya kina au ya juujuu, macho yanatulia au yanatafuta. Mwongozaji akikuona unaweza kufanya hivyo, atakuwekea alama mbele ya nafasi kadhaa badala ya moja.

Wahusika wanyama wanahitaji neno lao la pekee. Mwigizaji asiyejiandaa hutambaa sakafuni na kunguruma, na baada ya sekunde kumi hana kingine cha kuonyesha. Aliyejiandaa amemtazama mnyama huyo kwa muda, akachagua mambo mawili, tuseme jinsi paka anavyositasita kabla ya kuweka mguu na jinsi anavyogeuza kichwa bila kugeuza mabega, akayaingiza katika mwili wa mtu aliyesimama wima na anayezungumza. Mambo mawili yaliyotazamwa vizuri hutosha.

Hatua ya nne: andaa kipande chako

Hapa ndipo muda wako mwingi uende. Tangazo likitaka kipande cha kukariri, chagua mazungumzo ya mtu mmoja yenye urefu wa dakika moja hadi mbili, na usivuke muda uliotajwa, kwani jopo lenye watu arobaini wa kuwaona halitasita kukukatiza. Chagua kipande kinachofanana kwa roho na tamthilia inayoandaliwa: chenye mshangao, hamu, woga au ujanja, badala ya masimulizi ya vita au ugomvi wa ndoa. Isipokuwa umeambiwa vingine, usichukue kipande kutoka katika tamthilia yenyewe, kwa sababu mwongozaji tayari ana picha yake ya tukio hilo kichwani, nawe utapimwa kwa picha usiyoijua.

Kipande kizuri cha usaili kina mabadiliko ndani yake. Mhusika anaanza akitaka kitu na anamaliza akiwa amekipata, amekikosa, au amegundua kwamba hakitaki tena. Kama kipande ni masimulizi ya tukio lililokwisha kupita, na msemaji hataki chochote kwa anayemsikiliza, kiache hata kama maneno yake ni matamu.

Ukishakichagua, usianze kwa kukikariri. Anza kwa kujibu maswali manne kwa maandishi. Nazungumza na nani, na mtu huyo yuko wapi hasa? Nataka afanye nini? Ni kitu gani kinanizuia nisikipate ninachokitaka? Ni neno lipi ambalo baada ya kulisema mambo hayawezi kuwa yalivyokuwa? Majibu yawe mahususi. Jibu kwamba mhusika “ana huzuni” halimsaidii mwigizaji, kwa sababu huzuni haifanyiki kwa kuamua. Jibu kwamba anajaribu kumfanya kaka yake afungue mlango kabla jua halijazama linampa kitu cha kufanya.

Chukua mfano wa sentensi moja rahisi: “Mlango ulikuwa hapa jana.” Imesemwa na msichana aliyerudi mahali alipouona mlango wa ajabu. Akimwambia mdogo wake ambaye hataki aogope, ataisema kwa utulivu wa kujilazimisha, huku macho yake yakitafuta. Akimwambia mtu anayemshuku kuwa ndiye aliyeuondoa, kila neno litatoka polepole, na atakuwa anautazama uso wa yule mtu badala ya ukuta. Akijiambia mwenyewe, huenda sauti isifike hata mwisho wa sentensi. Maneno ni yale yale, na hakuna hata njia moja kati ya hizo iliyohitaji sauti ya kitoto au uso wa kukunjwa. Fanya zoezi hili kwa kila sentensi ya kipande chako, kisha uchague njia moja na ubaki nayo, ukijua kwamba nyingine zipo kama mwongozaji atazihitaji.

Konstantin Stanislavski, mwongozaji wa Urusi ambaye mbinu zake bado zinafundishwa, aliwataka waigizaji waanze na swali la “ingekuwaje kama”: ningefanya nini mimi, kama ningekuwa katika hali hii? Watoto hucheza kwa swali hilo hilo bila kufundishwa na mtu. Mwaka 1908 Stanislavski mwenyewe aliandaa jukwaani Moscow hadithi ya kubuni ya Maurice Maeterlinck kuhusu watoto wawili wanaomtafuta ndege wa buluu, katika ukumbi ule ule uliokuwa ukionyesha tamthilia nzito za Chekhov, wala hakuiona kuwa kazi ya chini. Nalitaja hili kwa sababu bado nakutana na waigizaji wazuri wanaoamini kwamba mhusika wa hadithi ya watoto hastahili kazi ya kina.

Mtu mzima anayeomba uhusika wa mtoto anahitaji uangalifu zaidi. Asibane sauti wala asilegeze magoti. Kilicho tofauti kwa mtoto ni namna anavyotaka kitu: anakitaka chote, sasa, na akikikosa hamu inahamia kwenye kitu kingine bila daraja. Anasikiliza kwa mwili mzima. Anaweza kulia na kuacha kulia ndani ya sentensi moja kwa sababu ameona mdudu. Igiza hamu hiyo na umri utaonekana wenyewe.

Baada ya kazi hiyo ndipo ukariri, na ukariri hadi uweze kukisema kipande ukiwa unafua, unatembea au unapanga vitabu. Maneno yaliyokaririwa nusu humfanya mwigizaji ageuze macho juu kuyatafuta, na jopo huliona hilo mara moja. Kukariri kama kasuku nako kuna hatari yake, kwa hiyo siku mbili za mwisho kiseme kila mara kwa nia tofauti kidogo ili maneno yasigande katika mdundo mmoja. Mwombe mtu akusikilize kutoka mwisho wa chumba kikubwa na akuambie ni maneno gani hakuyasikia. Usimwulize kama umependeza, mwulize amesikia nini.

Hatua ya tano: wimbo na miondoko

Kama tamthilia ina nyimbo, andaa kipande cha wimbo cha sekunde 30 hadi 60 kilicho katika upeo wa sauti yako ya kila siku. Noti ya juu unayoipata siku tatu katika saba hutaipata siku ya usaili. Chagua wimbo unaosimulia kitu, uutende kama ulivyotenda mazungumzo, na umjulishe mpiga kinanda mahali pa kuanzia na pa kuishia, kasi unayoitaka, na mahali utakapovuta pumzi ndefu. Kama unatumia muziki uliorekodiwa, hakikisha hauna sauti ya mwimbaji ndani yake na umehifadhiwa kwenye simu yenyewe, usitegemee mtandao.

Katika zoezi la miondoko, mfundishaji ataonyesha hatua chache na kuwataka mzirudie kwa makundi. Hakuna anayetarajia ukamilifu kutoka kwa wasiofunzwa. Wanatazama nani anajifunza, nani anaendelea baada ya kukosea, na nani hamkanyagi jirani yake.

Hatua ya sita: fomu, mavazi na vifaa

Jaza fomu kwa ukweli mtupu, hasa sehemu ya tarehe ambazo hutapatikana. Tarehe iliyofichwa hujitokeza katikati ya mazoezi na kuvunja imani. Kama una hali ya kiafya inayohusu kupanda ngazi, moshi wa jukwaani, taa za kumetameta au vipodozi vya usoni, iandike. Swali la kama utakubali uhusika wowote lijibiwe kwa uaminifu: hapana ya mapema haimuudhi mtu, lakini ndiyo inayogeuka kuwa hapana baada ya orodha kutangazwa inamlazimu mwongozaji kuanza upya.

Vaa nguo zinazokuruhusu kuinama, kukimbia na kuketi sakafuni, na viatu visivyoteleza. Usivae maleba ya mhusika. Beba maji, kalamu ya risasi na nakala ya kipande chako.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Fika dakika 20 kabla ya saa yako, ukiwa umekwisha kuipasha sauti na mwili moto. Pumua hadi tumboni, vuma ukiwa umefumba midomo hadi uhisi mtetemo usoni, legeza taya, kisha sema vitanza ndimi kwa upole kabla ya kuongeza kasi. “Wale watu wa Liwali wala wali wa Liwali” kitakuonyesha papo hapo kama ulimi wako umeamka. Kuwa mwungwana kwa kila unayemkuta mlangoni. Anayepokea fomu huenda ndiye msimamizi wa jukwaa, ambaye atakuwa nawe usiku na mchana kwa wiki kadhaa, na mwongozaji atamsikiliza akisema kwamba fulani alikuwa mgumu kuelekezwa hata kwenye kiti.

Ukiitwa, ingia, salimu, nenda mahali ulipoelekezwa na usimame. Taja jina lako na kipande chako kwa sauti ile ile utakayoitumia jukwaani. Kisha vuta pumzi moja, umwone mtu unayezungumza naye mahali uliyomweka, na uanze. Mweke mtu huyo wa kubuni juu kidogo ya vichwa vya jopo au kando yao, usimweke kwenye jicho la mmoja wao, kwani utamlazimisha akuigizie wakati anataka kuandika. Ukimaliza, baki katika wakati huo kwa sekunde moja au mbili, kisha sema asante. Usiombe radhi kwa mafua, kwa foleni, wala kwa sentensi uliyoiruka. Mara nyingi hakuna aliyegundua. Ukisahau maneno, kaa kimya ukiwa bado ndani ya mhusika, yatafute kwa kukumbuka unachokitaka, na uendelee. Yasipokuja, omba kwa utulivu uanze tena.

Jambo ambalo wasailiwa wengi hawalijui ni kwamba maelekezo baada ya kipande huwa na uzito kuliko kipande chenyewe. Mwongozaji anaweza kusema: “Sasa fanya tena, lakini safari hii unamficha siri.” Hii si ishara kwamba umeshindwa. Ni ishara kwamba anataka kujua kama anaweza kufanya kazi nawe kwa wiki nane. Sikiliza hadi amalize, uliza kama hujaelewa, chukua muda mfupi, kisha badilisha kwa ujasiri. Badiliko dogo la kuogopa halimwambii chochote. Hata kama elekezo linakuonekania la ajabu, lijaribu kwa moyo wote, kwa kuwa anachokipima ni usikivu wako, wala huenda hana nia ya kukiona kitu hicho kwenye onyesho.

Hatua ya nane: kusoma papo kwa papo pamoja na wengine

Kwa kawaida utapewa kurasa mbili au tatu na dakika chache za kuzipitia. Zitumie dakika hizo kutafuta mambo matatu tu: mhusika anataka nini katika tukio hili, uhusiano wake na huyo mwingine ukoje, na tukio linageukia wapi. Uliza namna ya kutamka jina lolote usilolijua.

Shika karatasi kwa mkono mmoja, usawa wa kifua, na kidole gumba kikifuata mstari. Chukua kifungu kwa macho, inua uso, kiseme kwa mwenzako, ndipo urudi kwenye karatasi. Utakuwa mwepesi kwa zoezi la siku chache la kusoma kitabu chochote kwa sauti namna hiyo. Mwenzako anaposema, mtazame yeye, usisome mbele maneno yako. Hapa ndipo usaili mwingi huamuliwa, kwa sababu usomaji wa pamoja humfichua asiyesikiliza: anangoja zamu yake, na uso wake unazimika kila anapofikiwa na ukimya. Mwenzako akiwa dhaifu au akikosea, usimrekebishe na usimfunike. Mjibu kana kwamba alichokifanya ndicho kilichoandikwa. Mwongozaji anajua nani alimbeba nani. Na kishawishi cha kutia chumvi ili uonekane kuliko yeye kizuie kabisa, hasa katika tukio la kuchekesha, ambapo mhusika anachekesha kwa sababu yeye mwenyewe haoni kichekesho chochote.

Kama msailiwa ni mtoto

Mzazi au mlezi anayemwandaa mtoto ana kazi mbili, na zote ni za kujizuia. Ya kwanza ni kutomfundisha mtoto namna ya kutamka kila sentensi. Mtoto aliyefundishwa mdundo na ishara za mkono husimama mbele ya jopo akimwigiza mzazi wake, na akiombwa kubadilisha hawezi. Mweleze kisa, mwulize mhusika anaogopa nini na anapenda nini, chezeni tukio hilo mara nyingi mkibadilishana nafasi, na mwache apate sauti yake. Kipande cha kukariri kwa mtoto mdogo kisizidi dakika moja. Shairi au sehemu ya hadithi anayoipenda inatosha.

Ya pili ni kubaki nje. Mwongozaji anahitaji kuona kama mtoto anaweza kumsikiliza mtu mzima mwingine, kusubiri zamu, kusimama bila kuchezea nguo na kuendelea baada ya kukosea. Mambo hayo hayaonekani mzazi akiwa anatikisa kichwa kutoka kwenye kona. Kubaki nje hakuna maana ya kuacha ulinzi: ulizeni mapema nani anawasimamia watoto, kama kuna angalau watu wazima wawili wakati wote, na nani anaruhusiwa kumchukua mtoto baada ya mazoezi. Kikundi makini huwa na majibu tayari na hufurahi kuulizwa. Katika baadhi ya nchi mtoto huhitaji kibali rasmi kabla ya kupanda jukwaani, na shule nayo huenda ikahitaji kujulishwa.

Mwulize mtoto mwenyewe, mkiwa wawili na bila haraka, kama anataka kufanya hivi. Mtoto anayekwenda kwa sababu hataki kumkatisha tamaa mtu atalibeba jambo hilo kwa wiki zote za mazoezi. Akisema hapana asubuhi ya usaili, mkubalie.

Hatua ya tisa: kuitwa mara ya pili, na majibu

Baadhi ya wasailiwa huitwa tena baada ya siku chache. Katika usaili huo wa pili mwongozaji hakupimi peke yako. Anapanga watu pamoja, akitazama kama ndugu wanafanana kwa nguvu, kama adui anamtisha shujaa, kama urefu wa mmoja unaleta maana kando ya mwingine. Vaa nguo zile zile au zinazofanana nazo ili akukumbuke haraka, na usibadilishe uigizaji wako wote kwa kudhani kwamba anataka kitu kipya, kwani ulichokifanya mwanzo ndicho kilichokurudisha. Kutoitwa mara ya pili hakuna maana kwamba umekataliwa. Huenda nafasi yako imekwisha kuamuliwa.

Orodha ikitoka, jibu ndani ya muda uliotajwa, hata kama jibu ni la kukataa. Ukipewa uhusika mdogo kuliko ulioutaka, soma mswada upya ukitafuta mhusika huyo yumo kwa sababu gani, kabla ya kuamua. Mlinzi wa lango mwenye sentensi mbili ndiye anayemfanya mtoto aamini kwamba kuna ngome nyuma ya pazia. Ukikosa nafasi kabisa, unaweza kumwandikia mwongozaji ujumbe mfupi wa shukrani na kumwomba, kama ana nafasi, akuambie jambo moja la kufanyia kazi. Omba jambo moja, wala usijadiliane na jibu. Unaweza pia kujitolea nyuma ya jukwaa, kwenye maleba, vifaa, taa au uangalizi wa watoto. Anayekaa wiki nane akitazama mazoezi kutoka kando hujifunza namna mwongozaji anavyofikiri, na usaili ujao atauingia akifahamika.

Ukikubaliwa, uliza tarehe ya usomaji wa kwanza wa pamoja, chukua mswada wako, andika jina juu yake, pigia mstari maneno yako kwa kalamu ya risasi pamoja na sentensi ya mwisho ya mwenzako kabla ya kila zamu yako, na uwajulishe nyumbani tarehe zote za wiki ya mwisho kabla hazijapangiwa jambo jingine.